Kifundo cha gotini alichokigusa somo

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 31, fundi cherehani, naishi Ngamiani hapahapa Tanga. Nimeposwa na kijana wa Pangani, kwao ni watu wema, mahari imeshapokelewa na inshallah harusi yetu ni Mfunguo Tatu.

Somo yangu ni mtu mzima, mabibi harusi wengi wa mtaani kwetu wamepita mikononi mwake. Alisema ngozi yangu imechakaa kwa kukaa na vumbi la vitambaa, bora tuanze singo mapema, kila Alhamisi baada ya Alasiri. Alhamisi ya pili alipofika mguu wa kushoto mkono wake ukasita. Akarudi juu, akapita tena, akasita palepale. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki nini?" Nikaweka kidole alipoweka yeye. Ni upande wa ndani wa mguu, chini ya goti kama vidole vitatu, kitu kigumu cha ukubwa wa kokwa ya kungu. Hakisogei, hakiumi, na ngozi ya juu yake haina tofauti na pengine. Akapapasa na mguu wa kulia, akakuta kingine, hiki kipo juu ya goti upande wa nje, kidogo kuliko cha kwanza.

Shangazi, mimi sijawahi kuugua goti. Nakanyaga cherehani kutwa, naswali, nasujudu, naendesha baiskeli mpaka Mgandini kufuata vitambaa. Ninachokumbuka ni kitu kimoja tu cha shule ya msingi: soksi ndefu ya mguu wa kushoto ilikuwa haikai. Mpira wake ulikuwa unakwama upande wa ndani na kuacha alama, mama akawa anaukata. Sikuwahi kufikiria kwamba chini yake kuna mfupa.

Tangu siku ile nyumba haina raha. Somo anasema tusimwambie mtu, watu wa Pangani wakisikia watasema wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Anamjua mzee mmoja Muheza anayekanda kwa jiwe la moto na mafuta ya karafuu, anasema vifundo vinayeyuka kabla ya harusi. Jirani yetu, sijui kasikia wapi, kamwambia mama kwamba ndugu yake alianza hivihivi ikawa saratani ya mfupa, akakatwa mguu. Mama analia kila akiniona.

Na kuna hili. Marehemu baba mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda kutoka kiwikoni kwenda kiganjani, na karibu na kiganja alikuwa na kifundo. Alikuwa akituambia alianguka mnazi utotoni. Sijui kama vinahusiana au ni mawazo yangu ya usiku.

Naomba unijibu: hii ni saratani? Niende Muheza? Na mchumba wangu nimwambie, au nifuate la somo?

Ni mimi,
Mwali wa Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera ya kuposwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikapiga mstari chini ya sentensi moja, na haikuwa ile ya saratani. Ni ile ya soksi.

Unasema somo kakuta vifundo. Kweli kavikuta, lakini kitu kukutwa leo hakumaanishi kimezuka leo. Soksi yako ilikwama zaidi ya miaka 20 iliyopita, mguu uleule, upande uleule wa ndani, chini ya goti ambapo mpira wa soksi ndefu hukaa. Naamini kilichokuwa kinaukwamisha mpira ndicho alichokigusa somo. Ulikuwa mtoto, hakikuumi, mama akakata mpira, maisha yakaendelea. Nani anakaa kujipapasa ndani ya mguu bila sababu? Uso tunautazama kwenye kioo kila asubuhi, muundi tunaukumbuka siku tukijigonga kwenye kitanda.

Nimefanya kazi chumba cha eksirei miaka 26 kabla ya kustaafu, na magoti niliyoyapiga picha siwezi kuyahesabu. Anapokuja mtu mzima mwenye kifundo kigumu kama mfupa, kisichosogea, kisichouma, kilicho karibu na goti lakini si kwenye goti lenyewe, mara nyingi picha inatoka na kitu kilekile. Pembeni mwa mfupa pametokeza kigingi, kama vile vigingi vya kutundikia nguo ukutani, na ncha yake inaelekea mbali na goti, kana kwamba inalikimbia. Vingine vina shina jembamba, vingine vimekaa kama kichuguu. Ukiisogeza picha kwenye mwanga unaona ganda la mfupa halikatiki: linapanda kwenye kigingi, linazunguka ncha, linashuka upande wa pili, na uboho wa mfupa mkubwa unaingia mpaka ndani ya kigingi. Siku zote nikiona hivyo nilikuwa nashusha mabega. Jina lake la kitabibu ni osteokondroma, na kati ya uvimbe wote wa mifupa usio saratani, huo ndio unaoongoza kwa wingi.

Kinavyotokea ni hivi. Mfupa wa mtoto haurefuki wote kwa pamoja. Unarefuka karibu na ncha zake, mahali penye gegedu laini la ukuaji, na katika mguu mzima sehemu zinazofanya kazi hiyo zaidi ni mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa muundi, yaani juu na chini ya goti. Ikitokea kipande kidogo cha gegedu hilo kikachepuka pembeni, nacho kinaendelea na kazi yake ya kutengeneza mfupa, ila sasa kinautengeneza kwenda ubavuni. Mtoto akikua, nacho kinakua. Gegedu la ukuaji likifunga, na karibu na goti kwa wasichana wengi ni miaka 14 hadi 16, kwa wavulana 16 hadi 18, nacho kinasimama. Mtu mzima anatembea na kitu kilichomaliza kukua tangu yuko shule.

Kwa hiyo sikuulizi kifundo chako ni kikubwa kiasi gani. Nakuuliza kimebadilika? Kikubwa kilichotulia miaka 15 kinanipa usingizi kuliko kidogo kilichoongezeka tangu Ramadhani.

Sasa jirani yenu. Sitasema kasema uongo, maana saratani ya mfupa ipo, na inapenda palepale karibu na goti, kwa sababu ileile kwamba ndipo mfupa unapokua kwa kasi. Lakini hiyo huwashika zaidi walio kwenye kubalehe na vijana wadogo, na haiji kimya. Inakuja na maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, yanayomwamsha mtu usiku, na uvimbe unaokua mbele ya macho mpaka ngozi inavutika na kupata joto. Niliwahi kumpiga picha mvulana wa sekondari aliyekandwa goti miezi minne, watu wakidhani kaumia mpirani. Mama yake aliingia naye chumbani na chupa ya mafuta ya kukandia mkononi, hakuiweka chini hata mara moja. Picha ilipotoka sikujua nimtazame wapi. Ndiyo maana nikisikia goti la mtoto linauma usiku siwezi kunyamaza, na wewe uliponiandikia kwamba la kwako haliumi kabisa, na kwamba unakanyaga cherehani kutwa, nilipumua.

Je, kigingi kilicholala kinaweza kugeuka saratani? Kinaweza, lakini ni nadra. Kwa mwenye kimoja tu ni kama mtu 1 katika watu 100 kwa maisha yote. Kwa mwenye vingi, makadirio ya madaktari ni kati ya 1 na 5 katika 100. Na kinapogeuka kinatoa habari: kinaanza kukua tena wakati mwili ulishaacha kukua, au kinaanza kuuma bila kugongwa. Juu ya kila kigingi kuna kofia ya gegedu, ambayo kwa mtu mzima huwa nyembamba sana. Ikipimwa kwa MRI, ile mashine ya picha ya sumaku, ikakutwa imezidi sentimita 2, hapo daktari wa mifupa hasubiri.

Muheza usiende. Nakuomba kama ninavyomwomba binti yangu wa kumzaa.

Wakandaji wa kwetu nawaheshimu, na mgongo uliochoka wanaujua. Lakini ulicho nacho si msuli uliokaza wala damu iliyovilia. Ni mfupa ulioshikana na mfupa wako, kwa ganda na kwa uboho. Hauyeyuki. Jiwe la moto litaunguza ngozi kabla halijaufikia. Alinijia kijana mmoja mvuvi, kifundo chake kilikuwa juu ya goti kama hicho chako cha kulia. Alikuwa ameshakandwa kwa moto mara tano. Ngozi imekuwa nyeusi, imefunguka katikati, usaha unalowesha kikoi. Nikampiga picha: kigingi kimesimama palepale, hakijapungua hata unywele. Majuma yaliyofuata alikuwa akija kusafishwa kidonda, na kidonda hicho hakikuwa cha ugonjwa wake, kilikuwa cha ile tiba. Hata chale zisipitishwe hapo.

Tena eneo la goti lina vitu vya kuogopa kuvisaga. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, mshipa wa fahamu unazunguka shingo ya mfupa mwembamba, umefunikwa na ngozi na nyama kidogo tu. Ukiumia, mtu anashindwa kuinua unyayo, kila hatua kandambili inamchomoka. Kwenye kunjo la nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu. Kifundo cha nyuma ya goti kinachodundadunda kama moyo kisikandwe na mtu yeyote, huyo ni wa kuwahishwa hospitali siku hiyohiyo.

Niseme na wengine kidogo, maana kila nikigusa habari za goti napata ujumbe mwingi. Si kila kinachotokeza ni kigingi. Weka kidole upande wa nje wa mguu wako, chini ya goti: kuna kifundo, na mguu wa pili kipo vilevile. Hicho ni kichwa cha mfupa mwembamba, Mungu ndivyo alivyouumba, na nimewahi kuwapiga picha watu wazima waliokosa usingizi kwa ajili yake. Kuna na kile cha mbele kabisa, chini ya pia ya goti, pale kano inaposhika muundi. Wanacho zaidi waliocheza mpira sana wakiwa na miaka 10 hadi 15: kano ilivuta mfupa ukiwa bado laini, goti likawa linauma enzi hizo, maumivu yakaisha, nundu ikabaki ukubwani. Hiyo haina shida, ila mwenye nayo huwa hapendi kupiga goti penye sakafu ngumu. Wazee wenye magoti ya kukwaruza nao huota vijinundu kwenye ukingo wa goti lenyewe. Na uvimbe laini unaobonyea ni habari nyingine kabisa, hao wasichukue majibu yaliyomo humu.

Turudi kwako, Mwali. Mimi kwa barua siwezi kuapa kwamba vyako ni vigingi vya namna hiyo. Vidole vya somo na kumbukumbu ya soksi vinanielekeza huko, lakini picha ndiyo inayosema. Nenda hospitali yoyote hapa mjini yenye eksirei, usisubiri Mfunguo Tatu. Ukifika kwa daktari usianze na saratani ya jirani. Mwambie vipo viwili, haviumi, cha kushoto unadhani kilikuwepo tangu shule ya msingi, na baba alikuwa na mkono uliopinda. Hayo yanatosha kumfungulia njia. Omba magoti yote mawili yapigwe, kwa mbele na kwa ubavu, kwa sababu kigingi kinaweza kujificha nyuma ya mfupa kikipigwa kwa mbele peke yake. Yule wa chumba cha eksirei atakuuliza siku zako za mwezi ulizipata lini. Usione kavunja adabu kwa kuwa hujaolewa, wanawake wote wa umri wa kuzaa huulizwa, na mionzi ya picha ya goti ni kidogo. Vaa gauni pana linalopanda juu ya goti bila taabu, na kanga ya kujisitiri.

Ukitoka pale, toka na picha yako. Ikiwa filamu, itie kwenye bahasha yake, isikae juani wala chini ya godoro. Ikiwa ya kompyuta, omba nakala. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wamekuja na kifundo kilichoanza kuuma, daktari anauliza kilikuwaje miaka kumi nyuma, na hakuna anayejua. Picha ya kwanza ndiyo shahidi wa zote zitakazofuata. Vigingi vikionekana vya kawaida, pengine utaambiwa urudi nyumbani uendelee na mambo yako, na hayo ndiyo matibabu yenyewe, usidhani umepuuzwa. Picha ikiwa haikueleweka vizuri, au daktari akataka kupima ile kofia ya gegedu, utaandikiwa rufaa kwa daktari wa mifupa pale hospitali ya Bombo, au mpaka MOI, taasisi ya mifupa kule Muhimbili. Ukiandikiwa MOI usirudi nyumbani na kilio. Wengi hupelekwa ili kuhakikisha tu.

Na wewe ni fundi, futi ya kupimia iko shingoni mwako kutwa. Pima urefu na upana wa kila kifundo, andika na tarehe kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho. Weka sarafu ya shilingi 200 kando ya kifundo, piga picha kwa simu. Rudia kila baada ya miezi 6. Kikiongezeka, kikianza kuuma hasa usiku, mguu ukifa ganzi, au ukishindwa kuinua unyayo, usisubiri miezi 6 itimie. Kwenye hicho cha upande wa ndani unaweza siku moja kusikia kano inaruka juu yake ukikunja goti, tak, kama uzi wa gitaa. Hilo halitishi, ila litaje kwa daktari.

Sasa baba. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nadhani mawazo yako ya usiku yamegusa kitu.

Mwenye kigingi kimoja kwa kawaida hakukirithi, kimetokea tu. Lakini ipo hali ya kuzaliwa nayo ambapo vigingi vinakuwa vingi, karibu na magoti, vifundo vya miguu, mabega, mbavu, na mkononi kati ya kiwiko na kiganja. Mkono huo una mifupa miwili inayokwenda sambamba. Kigingi kikiuchelewesha mmoja kurefuka, wa pili unaendelea, na mkono unapinda. Sasa fikiria mkono wa baba ulivyokuwa. Mtoto aliyeanguka mnazi anaweza kupata mkono uliopinda, sikatai, mifupa iliyounga vibaya nimeiona mingi. Lakini mtoto mwenye mkono unaopinda kidogo kidogo kila mwaka, wazazi wake watatafuta sababu, na huku kwetu mnazi hauko mbali. Kama ana dada yake aliye hai, nenda ukamsalimie, umuulize taratibu: mkono ulikuwa umenyooka kabla ya kuanguka? Ulinyooshwa na kufungwa gango? Alikuwa na vifundo vingine, kifuani, mgongoni kwenye mabapa ya mabega? Na wewe jipapase sehemu hizohizo. Wadogo zako nao wajiangalie.

Hali hiyo inatokana na hitilafu kwenye jeni, EXT1 au EXT2, na mzazi mwenye nayo kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Kila mimba inaanza hesabu yake upya. Watoto wengi wenye nayo vifundo hujulikana kabla ya miaka 12, na ya kwako kama ndiyo, imekuwa nyepesi mpaka ikakaa kimya chini ya soksi. Wengi wenye hali hii wanazaa, wanalima, wanavua, wanazeeka. Mtoto akijulikana mapema daktari anamtazama miguu isije ikapinda au mmoja ukawa mfupi, na kigingi kinachosumbua kinatolewa.

Kuhusu mchumba, simfuati somo. Namheshimu, na najua anakufunika kwa mapenzi, lakini kwa hili kakosea. Mume atakigusa kifundo hicho wiki ya kwanza ya ndoa. Akikigusa bila kuambiwa, atajiuliza nini kingine kimefichwa. Isitoshe jirani ameshajua, na kutoka hapa hadi Pangani ni kilomita 50 na kitu, maneno hayalipi nauli. Bora ayasikie kwako.

Usimwambie leo, huna cha kumwambia zaidi ya hofu. Piga picha kwanza, umsikilize daktari, kisha umwite mkae na mtu mzima mmoja mnayemwamini, mfungulie bahasha, mwonyeshe kigingi kwa kidole. Mwambie: hiki ninacho tangu utotoni, daktari kasema hivi, na ikithibitika ni cha ukoo, watoto wetu tutawaangalia magoti na mikono wakiwa wadogo. Usiliseme hilo la watoto baada ya nikahi, liseme kabla, ni haki yake kama ilivyo haki yako kujua ya kwao. Nimekaa nikawaza kama ningekuwa mama yake huyo kijana ningesemaje, na kwa kweli binti aliyekuja na bahasha yake mkononi ningemshika vizuri.

Usikubali kukatwa ili upendeze harusini. Kigingi kisichosumbua kinaachwa. Upasuaji ni kwa kile kinachobana mshipa, kinachokwaruza kano, kinachozuia goti kukunjika au kinachotiliwa shaka, na unafanywa na daktari wa mifupa anayejua kukitoa pamoja na kofia yake yote, kwani ikibaki kinaweza kuota tena. Ukifanyiwa wiki chache kabla ya Mfunguo Tatu utaingia ukumbini na magongo.

Mama mfanyie chai, mkalishe, msomee barua hii.

Na somo mwambie aendelee na singo yake kila Alhamisi kama mlivyopanga. Liwa na asumini haviudhuru mfupa. Akifika kwenye muundi wa kushoto apite juu ya kifundo kwa kiganja kilicholegea, asikibonyeze wala asikisugue, kisha ateremke zake mpaka kwenye kisigino.